Kaa wa maji baridi wanapanda waya kila usiku, na mmoja amejichimbia siku ya 9: nimekosea wapi?

tangi60

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa haraka kabla hawa kaa hawajaisha.

Tangi ni la kioo, sentimita 60 kwa 30, kimo 35. Maji yana kina cha sentimita 15. Chini kuna changarawe ya rangi, na upande mmoja nimeirundika hadi ikatokeza juu ya maji, pamoja na jiwe kubwa. Mfuniko ni wavu. Kuna chujio dogo la sponji na hita ya maji iliyowekwa digrii 26.

Wapo wanne, wote wameuzwa kwa jina moja tu la "kaa wa maji baridi". Watatu ni wadogo: mgongo wa zambarau iliyokolea wenye baka la rangi ya maziwa, magando zambarau, macho ya njano. Wa nne ni mkubwa, gamba lake lina upana wa sentimita 5 hivi, mgongo bluu, miguu myekundu ya kukaribia rangi ya machungwa, magando meupe.

Chakula ni vidonge vya samaki, robo kijiko cha chai kila asubuhi. Vingi vinabaki.

Shida zenyewe:
– Usiku wanapanda waya wa hita hadi kwenye wavu na kuning'inia huko.
– Mmoja wa wadogo amepoteza mguu.
– Mwingine alififia rangi, akaacha kula, sasa yuko ndani ya lile rundo la changarawe siku ya 9.
– Leo asubuhi nimekuta kitu kama kaa mzima kwenye maji, chepesi, hakina harufu. Sijui ni maiti au gamba.

Nimfukue aliyejichimbia? Maji na nchi kavu viwe kwa kiasi gani? Wote wanne wanaweza kukaa pamoja? Na wale nini hasa?

Gando_Moja

Usimfukue. Kufifia rangi, kukataa chakula na kujificha ni maandalizi ya kujivua gamba, na kaa aliyeguswa katikati ya kazi hiyo mara nyingi hufa.

Fanya haya leo, kwa mpangilio huu huu:

1. Mtoe yule mkubwa. Mweke peke yake kwenye chombo kirefu chenye mfuniko unaofungika, matandiko yenye unyevunyevu na bakuli la maji. Kwa maelezo yako huyo ni *Cardisoma armatum*, kaa wa pwani za Afrika Magharibi. Akikua, gamba lake hupita sentimita 10. Wale watatu ni *Geosesarma dennerle* wa kisiwa cha Java, ambao gamba lao huishia sentimita 2 na kidogo. Kwa mkubwa, mdogo aliyetoka kuvua gamba ni chakula.

2. Chomoa hita na uiache ipoe ndani ya maji dakika 15 ndipo ushushe maji. Kioo cha hita kikitoka kwenye maji kikiwa cha moto hupasuka. Usiirudishe. Maji ya kina kifupi hayafai kwa hita.

3. Shusha maji hadi sentimita 5, polepole kwa mpira mwembamba, bila kubomoa rundo alimojichimbia mwenzao. Toa mabaki yote ya vidonge.

4. Juu ya wavu tandaza plastiki ngumu au kipande cha kioo kifunike kama robo tatu ya uwazi. Unyevu utapanda ndani ya saa chache.

Hicho ulichokiokota kishike kwa kibano ukitazame kwa nyuma, pale gamba la mgongo linapokutana na tumbo lililokunjwa. Gamba lililovuliwa huwa limefunguka hapo kama mfuniko wa sanduku. Ndani hakuna nyama, mwanga unapita kwenye macho, na ukichungulia utaona hata ngozi ya matamvua (viungo vya kupumulia) imeachwa, nyeupe, kama manyoya. Maiti ni nzito zaidi, viungo vinaning'inia, na kwa joto hilo itatoa harufu mbaya ndani ya siku moja. Kama ni gamba, lirudishe kwenye tangi sasa hivi. Mwenyewe atalila, na analihitaji.

Unyevu85

Naongezea kuhusu makazi, maana hapo ndipo ilipo sababu ya kupanda waya.

Kaa hawa wana matamvua kama kaa wa baharini, ila chemba inayoyafunika imetandikwa ngozi nyembamba iliyojaa mishipa ya damu, nayo hufanya kazi ya pafu. Wanavuta hewa ya kawaida mradi ndani ya chemba kusikauke. Kwa hiyo wanataka hewa yenye unyevu mwingi na maji safi ya kina kifupi ya kujilowesha. Tangi lako limegeuza mambo: maji ni mengi na hewa ni kavu, kwa sababu wavu unaachia unyevu wote. Chini kuna maji yenye oksijeni haba na vidonge vinavyooza, juu kuna hewa inayomkausha. Anapanda, anashuka, anapanda tena. Ukimwona anatoa povu mdomoni kwa muda mrefu, anazungusha maji machache yaliyomsalia kwenye matamvua. Hapo angalia unyevu na usafi wa maji kabla ya kitu kingine chochote.

Na hilo jina la "maji baridi" lisikupoteze. Maana yake ni maji yasiyo na chumvi, halihusu joto. Hawa ni viumbe wa nchi za joto: digrii 24 hadi 28 mchana, na usiku zisishuke chini ya 21.

Kwa wale watatu wadogo, tangi la 60 kwa 30 linatosha. Ligawe hivi: robo tatu nchi kavu, robo maji.

*Matandiko.* Kokopiti (unga wa makumbi) sehemu 5, mchanga uliooshwa sehemu 2, majani yaliyokwisha kuoza sehemu 1. Kokopiti iwe ile isiyowekwa mbolea. Eneo la sentimita 45 kwa 30 lenye kina cha 10 ni lita 13 na nusu. Tayarisha lita 16, maana mchanganyiko hushuka ukishikamana. Weka mteremko: sentimita 7 upande wa maji, 13 upande wa nyuma. Kipimo cha unyevu ni ngumi yako. Chukua konzi moja, uminye kwa nguvu. Likitoka tone moja au mawili na donge likabaki na umbo, ni sawa. Maji yakichuruzika, ni mengi mno na chini kutaoza. Donge likibomoka ukifungua kiganja, ni kavu, na mashimo wanayochimba yatawaangukia.

Changarawe ya rangi itoe yote, ila subiri kwanza aliyejichimbia atoke mwenyewe. Haishiki shimo, na kaa anayevua gamba anahitaji kichumba chenye kuta zinazosimama.

*Maji.* Wengi hugawa tangi kwa kipande cha kioo na silikoni. Mimi napendelea bakuli la kutoa na kurudisha, kwa sababu maji machache huchafuka haraka, na kitu kinachotoka kwa mkono mmoja kitasafishwa kweli. Bakuli la sentimita 20 kwa 12 lenye kina cha 6 linabeba lita moja na nusu. Lizamishe kwenye matandiko hadi mdomo wake ulingane na ardhi. Ndani panga mawe yenye ukwaruzo kuwa ngazi hadi ukingoni. Hili ni la lazima! Kaa hana vidole vya kushika plastiki laini wala kioo. Akishindwa kutoka, atazama na kufa ndani ya maji ya sentimita 6.

Maji ya bakuli badilisha yote kila baada ya siku 2. Ukitumia ya bomba, yawekee dawa ya kuondoa klorini, ile inayotiwa kuua vijidudu. Kuyaacha wazi saa 24 kunaondoa klorini, hakuondoi kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), na mara nyingi huwezi kujua mamlaka ya maji imetumia ipi. Tumia dawa kila mara.

*Joto.* Mkeka wa joto uubandike nje ya kioo cha nyuma au cha ubavuni, juu ya usawa wa matandiko, pamoja na themostati (kidhibiti joto). Usiuweke chini ya tangi. Kaa akisikia joto au ukavu hukimbilia chini, hiyo ndiyo tabia yake. Ukiweka chanzo cha joto chini, kila anapochimba kujiokoa anazidi kukisogelea, na aliyejifukia kuvua gamba hukaukia humo humo.

*Unyevu.* Asilimia 75 hadi 90. Haigromita (kipimo cha unyevu wa hewa) iwe karibu na matandiko. Ukiibandika juu karibu na mfuniko utasoma kitu kingine. Nyunyiza maji yasiyo na klorini asubuhi na jioni. Lakini acha upenyo mwembamba wa hewa upande mmoja wa mfuniko, uliofunikwa kwa wavu laini wa chuma cha pua. Tangi lililozibwa kabisa huota ukungu ndani ya wiki. Tundu la waya lizibe kwa sponji, kwa kuwa kaa wa sentimita 2 hupita mahali usipoweza kuamini.

Mkubwa ni suala jingine. Mpe tangi la angalau sentimita 90 kwa 45, matandiko ya kina cha sentimita 20 hadi 25, peke yake, na mabakuli mawili: moja la maji baridi na moja la maji ya chumvi. Kwa bakuli la chumvi tumia chumvi ya akwariamu za baharini, gramu 35 kwa lita. Chumvi ya mezani haina kalsiamu wala magnesi ya kutosha, haifai. Uzito uwe juu ya mfuniko, maana huyo anasukuma.

MkunguMkavu

Kuhusu chakula. Kosa la vidonge kila siku ni mambo mawili kwa pamoja: vinavyobaki vinaoza na kutoa amonia yenye sumu, na vinavyoliwa vina protini nyingi kuliko tumbo la kaa wa nchi kavu lilivyozoea.

Msingi ni majani makavu. Yawepo muda wote, tabaka la sentimita 2 hadi 3 juu ya matandiko, ukiongeza yakipungua. Majani ya mkungu ni mazuri sana, pia mpera, mforosadi na mwaloni. Chukua yaliyoanguka yenyewe yakiwa ya kahawia, mahali pasipopuliziwa dawa wala kupitwa na magari mengi. Yaoshe, yachemshe dakika 5, yaanike hadi yakauke kabisa. Majani mabichi ya kijani hayafai kwa kazi hii, kaa huyapenda yakiwa yameanza kulainishwa na ukungu na bakteria. Ndiyo maana jani lililokaa tangini wiki 2 huliwa kabla ya lile jipya. Utaliona limebaki mishipa mitupu, kama wavu.

Juu ya msingi huo, kwa *Geosesarma* watatu:

Mboga mara 3 au 4 kwa wiki, kipande kimoja cha sentimita 1 kila upande kwa wote watatu. Karoti au boga lililochemshwa hadi lilainike kidogo, tango, majani ya mchicha. Tunda mara moja kwa wiki, kiasi hicho hicho: papai, tufaha, ndizi. Ndizi itoe mapema, inavuta nzi.

Protini mara 3 kwa wiki kwa hawa wadogo, maana porini huwinda wadudu. Nyenje mmoja mdogo kwa kila kaa, au minyoo miwili mitatu iliyokaushwa na kuloweshwa, au kipande cha samaki asiye na chumvi kisichozidi ukubwa wa gando lake. Yule mkubwa ni mla majani na matunda zaidi, mara moja kwa wiki inamtosha. Lakini usimnyime kabisa. Majani yana naitrojeni kidogo, na kaa wa nchi kavu wanaoishi kwa majani peke yake huanza kuwawinda wenzao kuifidia. Mara nyingi watu huona miguu inapotea tangini wakadhani ni ukorofi, kumbe ni njaa ya aina moja tu ya chakula.

Kalsiamu iwepo kila siku: kipande cha mfupa wa dome (wa jamii ya ngisi) ukubwa wa kidole gumba kwenye kona kavu, au maganda ya mayai yaliyochemshwa dakika 10, yakakaushwa na kusagwa hadi yawe kama mchanga. Nyunyiza unga huo juu ya mboga mara 2 kwa wiki.

Weka chakula jioni taa zikishazimwa, kwenye kigae bapa, na uondoe mabaki asubuhi. Ukiwalisha asubuhi chakula kinashinda kinaoza wao wakiwa wamejificha. Usiwape chochote kilichotiwa chumvi, mafuta au viungo. Na soma kibandiko cha vidonge: vyenye salfeti ya shaba viache, shaba ni sumu kwao.

mtunzakaa

Nakubaliana na MkunguMkavu kwa yote isipokuwa hilo la mwisho la shaba, na nalitaja kwa sababu linawafanya watu watupe chakula kizuri huku hatari yenyewe wameiacha.

Damu ya kaa hubeba oksijeni kwa hemosianini, ambayo imejengwa kwa shaba, kama yetu ilivyojengwa kwa chuma. Kiasi kidogo cha shaba kwenye chakula anakihitaji. Kinachoua ni shaba iliyoyeyuka kwenye maji, inayogusa matamvua moja kwa moja. Inatoka kwenye dawa za samaki za kutibu vimelea na kuua konokono, kwenye baadhi ya mbolea za mimea ya tangini, na kwenye mabomba mapya ya shaba ambamo maji yamelala usiku kucha. Maji ya asubuhi yaache yatiririke dakika 2 ndipo ukinge.

Jingine lisilotajwa hapa, na ndilo linalomaliza tangi zima kwa usiku mmoja: dawa za wadudu. Ya kupuliza chumbani, ya kuchoma usiku ya kufukuza mbu, ya viroboto inayopakwa mbwa na paka. Nyingi zina pairethroidi, sumu ya wadudu, na kaa yuko upande mmoja na wadudu kwa hilo. Dalili ni kutetemeka miguu, kuanguka chali na kushindwa kujigeuza. Usipulize chochote kwenye chumba chenye tangi. Ukishika mnyama aliyepakwa dawa, osha mikono kwa sabuni, suuza sana, ndipo uingize mkono.

Sasa kuvua gamba, kwa kuwa mwenzetu ana kaa aliye katikati ya kazi hiyo.

Kaa hakui polepole kama sisi. Gamba ni gumu, halinyooki, hivyo hukua kwa mikupuo. Kwanza huvuta sehemu ya kalsiamu kutoka kwenye gamba la zamani na kujenga jipya, laini, chini yake. Hapo ndipo rangi hufifia. Kisha hunywa maji hadi mwili ukavimba, mshono wa nyuma unafunguka, naye anatoka kinyumenyume: tumbo, miguu ya nyuma, mwisho magando na macho. Kutoka kwenyewe ni dakika chache hadi saa kadhaa. Akishatoka huendelea kunywa maji ili ajitanue kabla gamba jipya halijakauka. Katika hatua hiyo ni laini kama karatasi iliyolowa, hawezi kusimama wala kubana kitu.

Mambo matatu humuua hapo. Ukavu, kwa sababu gamba la zamani linagandamana na jipya na anakwama nusu. Upungufu wa kalsiamu na magnesi, gamba linabaki laini na miguu inapinda. Na wenzake, wanaosikia harufu yake tangu saa za kwanza.

Akivulia juu ya ardhi mahali pa wazi usimhamishe, mfunike. Kata chupa ya plastiki katikati, toboa matundu mengi ya milimita 2, ifunike juu yake na kuizamisha sentimita 3 kwenye matandiko. Weka ndani gamba lake la zamani na jani lililolowa. Wadogo hukakamaa ndani ya siku 3 hadi 7. Usimpe chakula kingine hadi umwone anatembea na kulila gamba. Yule mkubwa wakati wake ukifika atajifukia wiki 3 hadi 6, pengine zaidi, na mlango wa shimo ataufunga kwa udongo. Wewe endelea kulowesha matandiko tu.

Mguu uliokatika usikusumbue. Kaa huuachia mwenyewe kwenye kiungo maalumu karibu na mwili, na jeraha hujifunga papo hapo. Hauhitaji dawa. Baada ya muda utaona kichipukizi kidogo kilichojikunja pale pale. Kuvua gamba mara moja kutampa mguu mfupi, mara 2 au 3 utalingana na mingine. Ndiyo sababu kaa hashikwi kwa mguu kamwe. Kila ukimvuta, anakuachia.

tangi60

Asanteni sana wakuu. Majibu yangu:

Kile kitu ni gamba, limefunguka nyuma kama mlivyoeleza, na matamvua nimeyaona. Nimelirudisha. Mkubwa ametengwa. Maji yameshuka hadi 5, haigromita imepanda kutoka asilimia 52 hadi 81. Wawili wameacha kupanda, wako chini ya jiwe. Aliyejichimbia bado hajatoka.

Kipimo cha maji ya zamani: amonia miligramu 1 kwa lita, nitriti 0.5, nitrati 40.

Maswali mawili. Mmoja ana kifuniko kipana sana chini ya tumbo na ndani naona chembechembe za rangi ya machungwa. Ni mayai? Na nikiweka matandiko mapya, naweza kuwaongeza wengine wawili?

Gando_Moja

Amonia na nitriti zinatakiwa kusoma 0, nitrati chini ya 20. Kwa hizo namba, kupanda waya kulikuwa kukimbia maji. Hatari inaongezeka maji yakiwa na joto na pH (kipimo cha asidi) ya juu, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya amonia inageuka kuwa ile yenye sumu kali. Wakati unangoja aliyejichimbia, badilisha theluthi moja ya maji kila siku kwa mpira, maji mapya yakiwa na joto lile lile, bila kuyamwaga juu ya rundo. Akitoka ndipo uvunje kila kitu na kujenga upya.

Ndiyo, huyo ni jike. Kifuniko cha tumbo cha dume ni chembamba na kimechongoka, cha jike ni kipana cha mviringo. Kuongeza: kwa eneo hilo dume awe mmoja tu, majike 2 au 3. Madume mawili kwenye sentimita 60 watakatana miguu. Watazame tumbo kwanza, kwa kumweka kila mmoja kwenye kikombe cha plastiki angavu na kumtazama kwa chini. Hakuna haja ya kumshika.

Unyevu85

Mayai hayo yatunze. *Geosesarma* ni tofauti na kaa wengi: mayai yake ni machache na makubwa, na kinachoanguliwa ni kaa kamili wa milimita chache. Hakuna hatua ya lava (kichanga asiyefanana na kaa) wa kuogelea. Jike atayabeba kama mwezi mmoja, akishuka majini kuyalowesha, na watoto watakaa chini ya kifuniko siku kadhaa kabla ya kutawanyika. Hapo tabaka nene la majani ndilo litakalowaokoa na wakubwa. Liongeze hadi sentimita 5. Weka pia kolembola, vile vijidudu vyeupe vinavyorukaruka. Vinakula ukungu na mabaki, na watoto wanavila vyenyewe. Bakuli la maji lipunguze hadi sentimita 1 kwa muda huo, lenye kokoto ndogo hadi ukingoni.

Wavu wa upenyo wa hewa ubadilishe kabla hawajaanguliwa. Tundu la milimita 1 ndilo mwisho.

Yule *Cardisoma*, hata ukimpatia jike, hatazaa tangini kwako. Lava wake wanahitaji maji ya chumvi ya pwani, kwenye maji baridi wanakufa. Na yeyote kati ya hawa asiachiwe mtoni, kwenye bwawa wala ufukweni akikushinda. Ni mgeni huko, na anaweza kubeba vimelea ambavyo kaa wenyeji hawavijui. Tafuta mtunzaji mwingine.

mtunzakaa

Nyongeza ndogo kuhusu aliyejichimbia, kwa kuwa najua siku ya 12 au 15 mkono utakuwasha. Changarawe ya rangi haihifadhi unyevu sehemu ya juu, kwa hiyo mara mbili kwa siku dondosha maji yasiyo na klorini, yenye joto la tangi, pembeni mwa rundo kwa bomba la sindano, mililita 20 hivi kila mara. Dondosha pembeni, maji yapande kutoka chini.

Kisha ongozwa na pua. Sogeza uso hadi juu ya rundo kila asubuhi. Kaa aliyekufa ndani hujitangaza kwa harufu ya samaki aliyeoza, huwezi kuikosa. Ikiwepo, hapo fukua, na ubadilishe maji yote siku hiyo hiyo. Isipokuwepo chukulia yuko hai, hata ikifika wiki ya 3. Akitoka utamwona ana rangi kali kuliko wote, na upana wake umeongezeka. Mpime kwa macho dhidi ya gamba lake la zamani kabla hajalimaliza kulila.